Barua ya Domeini, Kabla Hujailipa

Jirani yangu mwenye shule ya chekechea huku Bunju B alinisimamisha asubuhi moja akiwa na bahasha mkononi. Ilikuwa imetoka ng'ambo. Karatasi nzito, nembo yenye mchoro wa dunia, na chini kipande cha kukata na kurudisha pamoja na malipo. "Kaka, hawa wanasema domeini ya shule inakufa. Nilipe au nisilipe?"

Niliisoma palepale, bajaji zikitupita. Jina la tovuti lilikuwa limeandikwa sawasawa. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya kweli. Anwani ilikuwa ile S.L.P. ya ofisini kwa mumewe mjini, ambayo ndiyo waliyoiandikisha tangu mwanzo, maana wengi wetu huku hatuna sanduku la posta letu wenyewe. Barua ilikuwa imekaa huko wiki kadhaa kabla mtu hajakumbuka kuileta nyumbani, kwa hiyo maneno "taarifa ya mwisho" yalimfikia yakiwa yamezidi ukali. Kiasi kilichotakiwa ni dola 48 kwa mwaka mmoja, laki moja na ushee. Mambo yote yaliyoandikwa kuhusu shule yake yalikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba walioandika hawakuwa wakimdai hata senti tano.

Kama una tovuti ndogo ya shule, ya nyumba ya wageni, ya duka la vifaa vya ujenzi, ya kanisa, au ya kampuni ya kupeleka watalii mbugani unayoiendesha kutoka sebuleni kwako, barua ya namna hii itakufikia. Ikikosa kuja kwa posta itakuja kwa imeili, na siku hizi imeili ndizo nyingi zaidi.

Kwanza ujue unalipia nini. Serikalini wanaita kikoa, mtaani tunasema domeini: ni lile jina ambalo mtu analiandika ili afike kwenye tovuti yako. Hulinunui likawa lako maisha. Unalipanga kama unavyopanga fremu ya duka, kwa mwaka au miaka kadhaa, na usipolipa kodi fremu inapangishwa mwingine. Juu kabisa yupo mwenye daftari. Kwa majina yanayoishia na .com ni kampuni ya Kimarekani ya Verisign. Kwa .tz ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyopokea kazi iliyokuwa ikifanywa na tzNIC. Chini yake yupo msajili, yaani kampuni iliyoidhinishwa kukuandika kwenye daftari hilo, na huyo ndiye anayestahili pesa yako. Halafu upo wewe. Ila kwetu hapa katikati huwa anaingia mtu wa nne: kijana aliyekutengenezea tovuti, ambaye kila mwaka anakupigia simu, unamtumia hela, naye anakwenda kumlipa msajili. Huyo ni kama dalali anayekupelekea kodi kwa mwenye nyumba.

Sasa chukulia mtu usiyemjua anakuja dukani kwako na kitabu cha risiti, anakwambia kodi yako inaisha Juni, mlipe yeye. Mpangaji anayemjua mwenye nyumba wake atamcheka. Lakini mpangaji ambaye kwa miaka mitano kodi imepelekwa na dalali atasita kidogo. Huenda huyu ndiye mwenyewe! Wanaotuma barua hizi wanaishi kwa huko kusita. Hawahitaji kuvunja nywila ya mtu. Wanatuma maelfu ya barua, wanasubiri wale ambao hawamjui mwenye nyumba wao.

Na si ujanja wa jana. Mchezo huu ulipata sifa mbaya Marekani na Kanada mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupitia kampuni iliyojiita Domain Registry of America. Jina lenyewe lilitosha kumfanya mtu adhani ni idara ya serikali. Barua zake zilifanana na ankara ya kuhuisha domeini, kumbe aliyelipa alikuwa anakubali kuhamishwa kutoka kwa msajili wake wa bei nafuu kwenda kwa wao wa bei ya juu. Desemba 2003 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliifikisha mahakamani, na kampuni ikakubali katika maafikiano kuacha kupotosha wateja. Barua hazikuisha. Mwaka 2014 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya intaneti duniani, lilimfungia kwa miezi mitatu msajili wa Kikanada aliyehusishwa na barua hizo, Brandon Gray, asisajili majina mapya wala asipokee yanayohamishwa. Wengine wakachukua nafasi kwa majina mengine.

Anwani yako waliipataje? Mpaka Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kazi, daftari la majina kama .com lilikuwa wazi. Mtu yeyote angeweza kusoma jina lako, S.L.P. yako, simu na imeili. Baada ya hapo wasajili wengi walianza kuficha taarifa hizo, lakini orodha zilizokwisha kunakiliwa hazikurudi. Kama ulisajili zamani na hujawahi kubadilisha anwani, orodha ya zamani bado inakupata vizuri sana. Tarehe ya mwisho ya jina haijafichwa mpaka leo, kila mtu anaiona. Kwa hiyo usishawishike kwamba "mbona wanajua tarehe yangu". Tarehe hiyo hata mwanao wa darasa la saba anaweza kuitafuta.

Ukiipata barua, usiilipe wala usiichane siku hiyo. Ikalie.

Tafuta maandishi madogo, aghalabu katikati ya aya ndefu au mgongoni mwa karatasi. Barua nyingi za namna hii zina sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba hii si ankara, hulazimiki kulipa, ni pendekezo tu. Wameiweka ili wakishtakiwa waseme walikueleza. Tafuta pia neno transfer. Ankara ya kweli ya kuhuisha haina sababu ya kuzungumzia kuhamisha. Neno hilo likiwepo, unachoombwa ni ruhusa ya kulitoa jina lako kwa msajili wako, na saini yako kwenye kile kipande cha chini ndiyo ruhusa yenyewe.

Kisha angalia jina la aliyekuandikia. Usitazame nembo wala bendera, tazama jina la kampuni. Lilinganishe na jina lililo kwenye risiti yako ya mwaka jana. Kama huna risiti ya mwaka jana, umeshajua tatizo lako la kwanza, nalo halikuletwa na barua.

Bei nayo inasema. Septemba 2024 Verisign ilipandisha bei ya jumla ya jina la .com, ile wanayolipa wasajili, ikafika dola 10.26 kwa mwaka. Msajili ataongeza faida yake juu, hilo ni haki yake, na kuna wanaoongeza kwa moyo mkunjufu. Lakini mtu anayekutaka dola 48 kwa jina tupu, bila nafasi ya kuhifadhi tovuti wala imeili, anauza nyanya za Bunju Sokoni kwa bei ya hoteli ya Masaki. Hapo pia usichanganye vitu. Kodi ya jina ni moja, kodi ya nafasi ya tovuti, ambayo vijana wanaiita hostingi, ni nyingine. Kijana wako anaweza kukutajia jumla ya vyote viwili na akawa hajakuibia. Mwambie akuandikie kila kimoja peke yake.

Mwisho tazama unaambiwa ulipe vipi. Za ng'ambo zinataka kadi au benki. Lipo toleo la kienyeji, ambalo ni ndugu wa ile meseji tuliyoizoea wote, ile ya "pesa itume kwenye namba hii". Hapo unapigiwa simu na mtu anayejitambulisha kuwa wa TCRA, anakwambia domeini inafungwa saa kumi jioni, anakupa namba ya simu ya kulipia. Wewe umelipia jina la .tz kwa msajili siku zote, sasa TCRA inakudai lini? Na malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, hii tunayoiita control namba; hayaendi kwenye laini ya mtu. Namba iliyokupigia au iliyokutumia meseji ya namna hiyo itume kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo.

Za kwenye imeili nitazipitia haraka kwa sababu zinajirudia. Kuna inayosema "huduma ya tovuti yako inaisha", ukiisoma mara mbili unakuta wanauza huduma ya kukuandikisha kwenye Google, kitu ambacho hukuwahi kukinunua na Google haikitozi. Kuna inayojifanya kutoka China: kampuni fulani imeomba kusajili jina la biashara yako kwa .cn na .asia, nasi kwa uungwana tunakuuliza kama una pingamizi. Ukijibu tu, utauziwa majina hayo kwa bei ya kuruka. Mwenye chekechea Bunju hana hasara yoyote Mchina akiwa na jina hilo huko Shanghai. Kuna za orodha za kampuni za dunia nzima, ambazo fomu zake zinaonekana za kurekebisha anwani tu, kumbe ukisaini umekubali kulipa kila mwaka. Na kuna zilizo hatari kuliko zote: imeili iliyovaa sura ya msajili wako halisi, yenye kitufe cha kubonyeza. Usibonyeze. Fungua tovuti ya msajili kwa kuandika anwani yake mwenyewe, ingia kwenye akaunti, uone kama kweli unadaiwa.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wanaotoa elimu ya utapeli. Tumewafundisha watu kutilia shaka kila kitu mpaka sasa wanatupa na ankara za kweli. Nimeona duka la spea likipoteza jina lake si kwa tapeli bali kwa sababu mwenye duka alifuta imeili tano mfululizo za msajili wake akisema "matapeli hawa". Jina likachukuliwa na watu wa kamari wa nje, na mabango yake yote ya Barabara ya Bagamoyo yakawa yanawapeleka wateja kwenye mchezo wa kubahatisha.

Taarifa za kweli zina utaratibu. Kwa majina kama .com, ICANN inamlazimisha msajili akutumie taarifa kama mwezi mmoja kabla ya mwisho, tena kama wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku tano baada ya jina kuisha kama hujalihuisha. Kwa hiyo barua inayokuja miezi sita kabla ikiwa na haraka ya jogoo wa alfajiri ina mashaka, na imeili inayokuja siku saba kabla kutoka kwa jina unalolijua inastahili kusomwa. Jina la .com likipita tarehe, msajili anaweza kukupa muhula unaofika hadi siku 45 wa kulihuisha, ingawa wapo wanaokata mapema. Likifutwa, zipo siku 30 za kulikomboa, na ukombozi huo una faini inayouma. Baada ya hapo siku 5, kisha liko sokoni kwa yeyote. Kwa .tz usitumie hesabu hii. Muulize msajili wako masharti yake, na umuulize kabla jina halijaisha.

Kwa hiyo dawa ya barua ni kujua mwenyewe hali ya jina lako, na inachukua dakika tano kwenye simu. Jina lako likiishia .com, .org au .net, fungua lookup.icann.org, uliandike. Likiishia .tz, fungua karibu.tz, utafute humo. Mistari ya kutazama ni miwili: msajili ni nani, na tarehe ya mwisho ni lini. Piga picha ya skrini. Ukishakuwa na picha hiyo, barua yoyote utakayoletewa unailinganisha nayo. Jina la msajili halifanani? Barua haikuhusu. Linafanana? Usilipe kupitia barua hata hivyo, ingia kwenye akaunti yako ulipie huko.

Kwa jirani yangu tulifanya hivyo tukiwa tumesimama, na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kuliko barua. Msajili alikuwa kampuni nyingine kabisa, kama nilivyotarajia. Ila akaunti kwa msajili huyo ilikuwa ya kijana aliyetengeneza tovuti, kwa imeili ya kijana. Taarifa za kweli zilikuwa zinaingia huko, kwenye sanduku ambalo kijana mwenyewe hakuwa akilifungua tena. Tapeli ndiye peke yake aliyekuwa akimwandikia mama mwenye shule. Na siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa.

Hili ndilo litakalompata mtu akilipa barua ya uongo halafu akatulia. Kulipa peke yake hakuhamishi jina. Ili lihame, ni lazima kufuli la uhamisho liondolewe na msimbo wa siri utolewe na msajili wa sasa. Mama akilipa dola 48 na asitoe msimbo, jina linabaki palepale kwa msajili wa zamani, halijahuishwa, huku yeye ana risiti nzuri ya rangi mfukoni. Siku ya tarehe tovuti inazimika, na wazazi wanaotafuta ada ya muhula wanaikuta haipo.

Kama umeshalipa, usione aibu, fanya haya leo. Ulilipa kwa kadi? Piga benki, waeleze umelipishwa kwa udanganyifu, omba kadi ifungwe na malipo yapingwe. Usiseme "nitaenda Jumatatu", na usisahau kwamba walio na kadi yako wanaweza kuendelea kukata kila mwaka. Ulituma kwa simu? Piga 100 kwa mtandao wako mara moja, kabla pesa haijatolewa. Ulitoa msimbo wa uhamisho? Mwandikie msajili wako wa zamani saa hiyohiyo. Uhamisho wa .com huwa na siku tano ambazo unaweza kuukataa, na utaletewa imeili ya kuuliza kama umekubali. Ndiyo sababu imeili iliyo kwenye akaunti lazima iwe unayoifungua. Kituo cha polisi nenda na nakala za barua na risiti, uchukue RB, hasa kama kuna namba ya simu ya hapa nchini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa udanganyifu wa aina hii. Kwa barua ya posta kutoka ng'ambo sikuahidi makubwa.

Sasa suala la akaunti, ambalo ningependa ulifanye hata kama hujapata barua yoyote. Sisi watu wa Bunju tunajua viwanja. Tumeona kiwanja kimoja kikiuzwa kwa watu wawili, tumeona nguzo ziking'olewa usiku, na ndiyo maana leo mtu hanunui bila kwenda serikali ya mtaa, bila majirani mashahidi, bila kuuliza karatasi ina jina la nani. Mtu huyohuyo anakabidhi jina la biashara yake kwa kijana aliyekutana naye kwenye harusi, na hamuulizi karatasi.

Muulize. Simaanishi kijana ni mwizi. Wengi ni waaminifu, wanakufanyia hivyo kwa sababu wewe mwenyewe ulisema "wewe malizana nao, mimi sijui hayo mambo". Ila kijana anahama, anapata ajira, anabadilisha laini, anaumwa. Akaunti kwa msajili iwe kwa jina lako au la taasisi. Imeili iwe yako unayoifungua kila siku, na isiwe ile iliyojengwa juu ya jina hilohilo la tovuti, kwa sababu jina likizimika na imeili inazimika, na ule ujumbe wa kukurudishia nywila hutaupata. Isiwe ya katibu muhtasi pia. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Hakikisha kufuli la uhamisho limefungwa. Kama uwezo upo, lipia miaka mitatu au mitano kwa mkupuo; .com inakubali hadi 10. Ukiweka ijilipie yenyewe kwa kadi ya simu, kumbuka kadi hiyo haina kitu usipoiwekea salio, na msajili hatakuja Bunju kugonga geti.

Andika S.L.P. iliyo hai au anwani ya makazi yenye namba ya nyumba na jina la mtaa, simu iliyo hai, na ukibadilisha chochote uingie ukarekebishe. Tarehe ya mwisho iweke mahali unapoitazama. Mama wa chekechea ameiandika kwenye kalenda ya ofisi, juu ya siku ya kufunga shule.

Kijana wake alikuwa amepata kazi Dodoma. Tulimpata kupitia binamu yake anayeuza chipsi Boko. Hakuwa na kinyongo. Alishtuka zaidi yetu. Makabidhiano yalifanyika kwa simu Jumamosi jioni, mama akiwa na kompyuta ya shule na mimi nikishika tochi kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ilichukua dakika arobaini, na nusu yake ilikuwa kijana kutafuta nywila. Tulihamisha akaunti, tukabadilisha imeili, tukalipia miaka mitatu, tukaangalia tarehe mpya kwenye lookup.icann.org kabla ya kukata simu. Ukifanya hivi na kijana wako, mtumie hela ya vocha na ya soda. Dakika arobaini za mtu ni kazi.